Si lazima uanze na kile kilichokuumiza

Mshauri anajibu barua zenu

Barua nyingi safari hii zimetoka hapa hapa Bukavu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anakwenda kwa mshauri kufanya nini? Nyingine nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumfanya jirani aseme "huyu namjua". Mimi ni mshauri wa kisaikolojia, nawapokea watu wazima mmoja mmoja katika chumba kidogo huku Ibanda. Nitawajibu kwa jinsi ninavyofanya kazi mimi. Mwenzangu anaweza kufanya tofauti kidogo na asiwe amekosea.

*Mama mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 46. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 sipati usingizi. Pikipiki ikipita usiku moyo unadunda, naamka, nakaa kitini hadi kunakucha. Mchana nawafokea watoto wa watu darasani na wangu nyumbani. Mke wangu anasema nikamwone mshauri. Mimi si mwendawazimu. Nina wazee wa ukoo, nina marafiki wa kuzungumza nao. Na haya mambo ya kukaa na mtu kuongea ongea si ni ya wazungu? Kusema kweli, sina nguvu ya kumsimulia mtu nisiyemjua yale niliyoyaona. — Mwalimu, Kadutu*

Papa Mwalimu, naanza na maneno yako ya mwisho, maana ndiyo yanayowazuia watu wengi kufika mlangoni kwangu. Hutasimulia. Siku ya kwanza sitakuuliza uliona nini mwezi ule wa pili. Hata ukitaka mwenyewe kuyatoa yote kwa mara moja, nitakuomba twende polepole. Mtu akiyamwaga yote katika kikao cha kwanza, mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo, na hatumwoni tena. Zamani palikuwa na mtindo wa kuwakusanya watu siku chache baada ya maafa na kuwataka waeleze kila kitu katika kikao kimoja. Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo. Mwongozo wake wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unatutaka tuwe karibu na mtu, tumsikilize akipenda kusema, tusimlazimishe. Mimi nalishika hilo kwa mikono miwili, hata kwa mambo ya zamani.

Basi siku ya kwanza inakuwaje? Unaingia, tunasalimiana, nakuuliza habari za nyumbani. Mna viti viwili vya plastiki na kimoja cha mbao, nakuacha uchague pa kukaa. Waliovunjiwa mlango usiku karibu wote wanachagua kiti kinachotazama mlango, na mimi nahamia kwingine bila kusema neno. Viti sivipangi uso kwa uso, navielekeza upande kidogo, ili ukichoka kunitazama utazame dirishani na usijione kama uko mbele ya mpelelezi. Saa iko ukutani tunapoiona sote wawili, kwa sababu ni haki yako kujua muda umebaki kiasi gani. Nakuuliza tuongee Kiswahili, Mashi au Kifaransa. Walimu wengi huanza na Kifaransa cha darasani, lakini tukifika kwenye habari za mama yake au za mtoto wake, Kifaransa kinajiishia chenyewe.

Kisha nauliza mambo utakayoyaona madogo. Jana ulipanda kitandani saa ngapi, ukaamka mara ngapi? Bugali la jioni ulilimaliza, au ulisukuma sahani? Kahawa ya mwisho ulikunywa saa ngapi? Na pombe? Kichwa, tumbo, mgongo, vyote vikoje? Halafu swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: katika haya yanayokusumbua, ni lipi ambalo likipungua kidogo tu wewe mwenyewe utasema afadhali? Ukisema usingizi, tunaanza na usingizi. Ukisema kuwafokea watoto, tunaanza hapo. Sikuchagulii. Umelea watoto, umefundisha watoto wa wengine, umepita katika vita vingine kabla ya hivi. Sikukaribishi nikufundishe kuishi.

Huo moyo unaodunda pikipiki ikipita si wazimu. Mwili wako ulijifunza mwezi ule kwamba kelele ya usiku ni hatari, na sasa ni kama mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia zamu yake imekwisha. Tutaufundisha tena kwa kupumua: pumzi inaingia polepole mpaka tumboni, inatoka polepole vilevile, dakika chache, mchana wakati umetulia, kila siku. Anayeanza kujaribu akiwa tayari ameshikwa na hofu usiku wa manane husema zoezi halifai. Lazima mwili uwe umelizoea kwanza. Kuhusu kiti chako cha usiku, ni vizuri kwamba huendelei kujigeuza kitandani ukihesabu saa, lakini usikae pale hadi kunakucha. Kaa penye mwanga hafifu, simu iwe mbali, na usingizi ukirudi kidogo, nawe rudi kitandani. Asubuhi amka saa ile ile, hata kama ulilala vibaya.

Wazee wa ukoo nawaheshimu na sitaki uwaache. Ila mzee anapokusikiliza, kuna jambo analotaka litimie: ndoa isimame, kiwanja kisigombaniwe, jina la ukoo lisichafuke. Rafiki naye ana mzigo wake. Ukimwambia hulali, atakuambia naye halali, na mtaishia kulaumu nyakati. Mbele yangu muda wote ule ni wako. Sina upande katika ugomvi wa nyumbani kwenu, na sitachukua zamu ya kukueleza shida zangu.

Na hapana, si mambo ya wazungu tu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa mashariki mwa Congo, vijijini, kwa wanawake zaidi ya 400 walionusurika ukatili wa kingono. Waliowahudumia hawakuwa maprofesa. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa hapa nchini, waliosoma miaka kadhaa ya sekondari na kufundishwa kazi hiyo. Kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kichwani badala ya kuyaandika. Miezi 6 baada ya matibabu, kati ya wanawake waliofuata tiba yenye hatua maalumu, kwa vikundi, 9 katika kila 100 ndio waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kati ya wale waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 katika kila 100. Hilo limenishika sana, mimi ninayekaa na mtu mmoja mmoja. Kufarijiwa peke yake hakutoshi. Ndiyo maana sitakuita uje tu kutoa ya moyoni. Tutakuwa na kazi ya kufanya, na kila wiki nitakuuliza imekwendaje. Njoo mara moja, kisha uamue mwenyewe.

*Mama, nataka kuja kwa mshauri lakini Bukavu ni mji mdogo. Binamu yangu anafanya usafi katika kituo ambacho nilitaka kwenda. Nikitoka pale, ukoo mzima utajua kabla sijafika nyumbani. Je, kuna siri ya kweli? — Dada, Panzi*

Dada yangu, hofu yako ina msingi, nami sitakuambia usijali. Tafuta kituo kingine, upande mwingine wa mji, hata kama ni nauli ya pikipiki. Si kwamba binamu yako ni mbaya. Utakuwa unaongea huku sikio moja liko kwenye korido, na hapo hakuna kazi itakayofanyika.

Kwa upande wangu, daftari langu lina namba, halina majina. Karatasi inayounganisha namba na majina inafungiwa kwingine. Naandika kidogo sana: tarehe, jambo tulilolifanyia kazi, zoezi la wiki. Kabla hujaondoka siku ya kwanza nakuuliza kuhusu simu: nikikupigia na akapokea mume au mtoto, niseme mimi ni nani? Wengine huniambia niseme nauliza habari za kikundi cha akiba. Wengine hawataki simu kabisa, na hapo tunapanga siku yetu tunaishika. Tukikutana sokoni Nyawera sitakusalimu wa kwanza. Ukinisalimu, nitaitika kama ninavyoitikia mtu yeyote, na sitakuuliza unaendeleaje.

Lakini siri ina mpaka, na mpaka huo nausema siku ya kwanza, kabla hujaniambia lolote. Ukinieleza kwamba umepanga kujiua, au kumdhuru mtu, au kwamba kuna mtoto anayeumizwa, sitanyamaza. Nitakuambia wewe kwanza, tutatafuta pamoja nani aambiwe, ikiwezekana mtu uliyemchagua mwenyewe, na nitamwambia kile tu anachohitaji ili kukulinda.

Niongeze jambo hapa kwa wote wanaosoma. Kuhusu kifo nauliza waziwazi: umewahi kufikiri afadhali ufe? Umefikiri utafanyaje? Watu huogopa kumuuliza ndugu yao hivyo wakidhani watamtia wazo. Swali halimtii mtu wazo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kwake kupumua, maana alikuwa amelibeba peke yake. Kama una ndugu ambaye unamhofia, muulize leo, kaa naye, usimwache peke yake, ondoa sumu za panya na dawa za shambani nyumbani, mpeleke hospitali.

*Mimi ni mama wa watoto wanne, nilikuwa nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Beach Muhanzi. Sasa ni miezi mitatu sina hamu na kitu. Sili, nimekonda, soko nimeacha, sala yenyewe inatoka mdomoni tu. Mchungaji amesema ni roho ya huzuni, nifunge siku saba, na kwamba kwenda kwa mshauri ni kukosa imani. Nifanyeje? — Mama, Ibanda*

Mama, pole sana. Mimi pia ni mtu wa kusali, na sitakuambia uchague kati ya kanisa na chumba changu. Wengi wanaokuja kwangu Jumanne walikuwa kanisani Jumapili, na kwaya yao imewasaidia kuvuka siku ambazo mimi nisingeweza kuwavusha.

Kuhusu kufunga nasema hapana, na nasema bila kuzunguka. Mtu asiyekula kwa miezi mitatu, aliyekonda, hana cha kufunga. Mchungaji wako mkumbushe nabii Eliya, alipolala chini ya mti akiomba afe. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mahubiri hayakuwapo. Kwanza chakula na usingizi.

Unayoyaeleza, yakiendelea zaidi ya wiki mbili kila siku, ndiyo wanayoyaita madaktari sonona. Inashika watu wenye imani kama inavyoshika wasiokuwa nayo. Pita kwanza kituo cha afya wakupime, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri pia humchosha mtu hivi hivi. Kisha njoo.

Tutakachofanya kitakushangaza kwa udogo wake. Sitakuambia urudi sokoni. Mtu mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo afanye kazi, na kadiri anavyokaa ndivyo hamu inavyozidi kupotea, kwa hiyo tunaanzia upande wa pili: kitendo kwanza, hamu itafuata nyuma. Nitakuuliza zamani siku ya soko ulianza na nini. Labda utaniambia uliamka, ukaosha beseni, ukafunga kitenge, ukateremka na jirani yako hadi ziwani. Wiki ya kwanza tutachukua beseni tu. Unaliosha asubuhi mbili, unaliweka juani, basi. Wiki ya pili unateremka na jirani bila kununua kitu, unasalimia wenzako, unapanda kurudi. Kila kitendo tunakiandikia siku na saa, na ukirudi unaniambia kabla yake moyo ulikuwaje kutoka 0 hadi 5, na baada yake ulikuwaje. Ukishindwa, tunakipunguza, hakuna kukemewa. Na huyo jirani, kama unamwamini, mwambie kinachoendelea. Kuteremka mlima wa Bukavu peke yako ukiwa katika hali hiyo ni mbali mno.

*Nanunua diazepam famasi bila karatasi ya daktari. Mwanzo kidonge kimoja kilitosha, sasa nameza vitatu na bado naamka. Nataka kuacha kesho. — Kijana wa Nguba*

Usiache kesho! Dawa hii mwili huizoea haraka, na ukiikata ghafla baada ya kuinywa kwa muda unaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kuanguka kifafa. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, mikononi mwa daktari. Nenda ukamweleze ukweli wote, na kama unakunywa pombe mwambie pia. Viwili hivyo pamoja vinaweza kumzimia mtu pumzi akiwa amelala. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, kinachoendeshwa na mabradha wa Kikatoliki, na kazi yake ndiyo hii ya magonjwa ya akili. Kupita pale hakumfanyi mtu kuwa kichaa, kama vile kupita kwa daktari wa meno hakumng'oi mtu meno yote.

Mimi si daktari, siandiki dawa. Lakini sizipingi. Dawa za sonona ni nyingine kabisa, haziko katika kundi la diazepam, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na kwa watu wengine ndizo zinazowapa nguvu ya kufika kwangu na kufanya mazoezi. Mtu akisikia sauti wasizozisikia wengine, au akawa na hakika kwamba majirani wote wanampangia njama, siendelei naye peke yangu. Namsindikiza kwa daktari.

*Mama, nimekaa na mshauri vikao vinne. Tulianza vizuri, nikaanza kulala. Sasa ametandika kamba sakafuni, tukapanga maisha yangu kwa mawe na maua. Tangu siku ile ndoto zimerudi. Kaka yangu alipigwa risasi barabarani nilipomtuma kuninunulia dawa ya mtoto. Kila siku najiambia mimi ndiye niliyemuua. Niache kwenda? — Mama wa watoto wawili, Bagira*

Mama, soma jibu hili polepole, na kesho umpelekee mshauri wako barua uliyoniandikia.

Kamba hiyo naijua, naitumia pia. Wasomaji ambao hawajaiona niwaeleze. Ni kamba ya kawaida, ya kuanikia nguo. Ncha moja ni siku uliyozaliwa, ncha nyingine inabaki imekunjwa, haijafunguliwa, maana maisha yanaendelea. Kila jambo jema unaliwekea ua, kila jambo baya unaliwekea jiwe, kwa mpangilio wa miaka. Mawe tunayachukua nje, na mtu huchagua mwenyewe ukubwa. Watu hufikiri watajaza mawe matupu. Halafu mtu anakumbuka bibi yake kule kijijini, anaomba ua. Anakumbuka siku aliyopata cheti, ua. Siku hiyo hatusimulii chochote kwa kirefu, tunataja tu. Ni vikao vinavyofuata ndivyo vinavyolichukua jiwe moja, na kulisimulia kwa mpangilio, kuanzia asubuhi ya siku ile hadi ulipofika mahali pa usalama, pamoja na ulichokisikia, ulichokinusa, mwili ulivyofanya. Sababu yake ni hii: jambo la kutisha hukaa kichwani vipande vipande, halina tarehe. Ndiyo maana linarudi usiku kana kwamba linatokea sasa. Likisimuliwa mara nyingi, kwa utulivu, na mtu wa kukushika yupo, linapata mahali pake katika miaka. Linabaki kuuma, lakini linakuwa la siku ile.

Ndoto kurudi baada ya kikao cha namna hiyo ni jambo linalotokea, na mara nyingi hupungua kadiri mnavyoendelea. Kwa hiyo sikushauri uache ukiwa katikati. Nakushauri umwambie. Kama umefika mahali unajikuta huko mbali, husikii mtoto anakuita, au huwezi kumlisha, au kifo kimeanza kukuvutia, mwambie kabla ya siku ya kikao, na kasi ipunguzwe. Hiyo ni haki yako. Mshauri mzuri hatakasirika. Atarudi nyuma kwenye kupumua na usingizi, hadi miguu yako isimame tena.

Sasa hayo maneno, "mimi ndiye niliyemuua". Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeanza kazi hii na watu wenye sonona miaka ya 1960, alitambua kwamba mawazo ya namna hiyo hujitokeza yenyewe, haraka, na mtu huyakubali bila kuyahoji kwa kuwa yanatoka ndani yake. Sitakuambia "si kosa lako, Mama". Umeshaambiwa hivyo msibani na watu wote, na haikusaidia kitu. Ningekuuliza. Asubuhi ile, kabla hajatoka, ulijua nini? Njia ile watu walikuwa wanapita? Mtoto alikuwa na homa kiasi gani? Kama kaka yako angekuwa mgonjwa na wewe ndiye unayetumwa, ungekwenda? Ukipigwa wewe, ungetaka yeye ajiite muuaji? Nani alikuwa ameshika bunduki?

Ungejibu moja moja, na ningesubiri, hata ikichukua vikao viwili. Wengi hufika mahali wanaona kwamba wanajihukumu kwa habari waliyoipata jioni, juu ya uamuzi walioufanya asubuhi. Na chini ya ile hatia mara nyingi kuna majonzi ambayo hayajapata nafasi, kwa sababu anayejiona muuaji hajiruhusu kuomboleza. Nimeona watu wakianza kulilia ndugu yao, kumlilia hasa, miaka baada ya kumzika. Ni machozi tofauti na yale ya mwanzo. Mtoto wako je, alipona? Barua haikusema. Kama alipona kwa dawa nyingine, au dawa ile ile ilifika baadaye, hilo nalo lina mahali kwenye kamba, ukiwa tayari kulichagulia wewe mwenyewe jiwe au ua.

*Vikao ni vingapi, na ni bei gani? Benki zilifungwa, mshahara hauji, siwezi kuanza kitu kisicho na mwisho. — Baba, Muhungu*

Ndugu yangu, kuna utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kwa watu wazima wanaoishi katika shida kama hizi zetu. Una vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja: kupumua, kupanga matatizo yale yanayoweza kutatuliwa, kurudi kwenye shughuli, na kujirudisha kwa watu. Kwa wengi hiyo inatosha. Mambo mazito kama ya mama wa Bagira huhitaji zaidi. Mimi husema idadi siku ya kwanza, na katikati tunasimama tunapima: lile ulilosema likipungua utasema afadhali, limepungua? Kama halijasogea, tunabadili njia, au nakupeleka kwa mwingine. Sitakuweka mwaka mzima kwa mazoea.

Bei ijulikane kabla hujakaa. Uliza wazi, kwa faranga au kwa dola, na useme unachoweza. Vituo vya afya vingine vina msaidizi wa kisaikolojia ambaye hulipi kumwona. Kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, inatibu mwili na kusaidia moyo mahali pamoja, bila malipo. Na kama ukikaa na mshauri ukaona hamwendani, anakukatiza, anakuhubiria, au anatazama simu yake, mwambie. Asipobadilika, omba mwingine. Sisi washauri wa mji huu tunajuana, na kumpeleka mtu kwa mwenzetu ni sehemu ya kazi yetu.